Maposeni: kila serikali ilikuja na swali lake

Najua nimepotea kidogo, lakini mnajua wenyewe hapa Mlimani mambo yalivyo: tesiti zimefuatana kama mabehewa, bumu linasikika kwa wenzetu tu, na sisi watu wa Elimu tunaandaa masomo kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha. Leo bumu tuliache. Nataka niwasimulie habari za kijijini kwetu, Maposeni.

Kwa wasiopajua, Maposeni ipo Songea Vijijini, mkoa wa Ruvuma, jirani kabisa na Peramiho. Ukifika Songea mjini unapanda gari la Peramiho, na hapo ujue nyumbani kumekaribia. Ni kijiji cha mahindi na maharage, kijiji kama vingine. Mtu akipita hapo akaambiwa kwamba ndani ya miaka mia na sitini hivi watu wa hapa wametawaliwa na mabwana wa kila aina, nadhani atacheka tu.

Kazi tuliyopewa ni kila mtu achague sehemu anayoifahamu aandae somo la dakika 80 la historia kwa kidato cha pili. Nikachagua kwetu. Mwenzangu mmoja kwenye kundi akaniambia, "Wewe Mngoni umepata cha mteremko. Weka Maji Maji, weka mashujaa, funga daftari." Mwenzangu wa chumbani yeye ni Mhehe, yaani mtani wangu wa halali (babu zetu walipigana vita vizito kati ya 1878 na 1882, sisi tumebaki kutaniana). Naye akadakia, "Mngoni gani huyu? Huyu aliokotwa njiani!" Kundi zima likacheka, na mimi nikacheka. Utani ni utani.

Lakini jamani, usiku nikaanza kujiuliza: kweli, mimi ni Mngoni wa namna gani? Nikampigia simu bibi.

Bibi yangu amevuka miaka themanini. Mimi ananiita "mume wangu", na kila nikipiga lazima kwanza nisomewe mashtaka ya kutokumtumia hela ya sukari. Alilelewa na bibi yake mwenyewe, ambaye wakati wa vita vya Maji Maji alikuwa binti mdogo. Kwa hiyo kati yangu na mwaka 1905 kuna wanawake wawili tu. Nilimpigia Jumapili tatu mfululizo, nikamrekodi. Bibi hahesabu miaka. Anahesabu serikali kwa swali ambalo kila moja ilimuuliza mtu ilipofika mlangoni kwake. Miaka nimeijaza mimi kutoka maktaba, maswali ni ya kwake.

"Wewe ni wa nani?"

Hili ni swali la Wangoni wenyewe. Ndiyo, wapendwa, Wangoni nao walikuja! Shuleni tumesoma habari za Zwangendaba, alivyotoka kusini na watu wake wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, akaja kufia Ufipa katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake watu wake wakatawanyika, na sehemu yao ikafika Songea. Huko waliwakuta Wangoni wengine, wa Maseko, waliowatangulia. Wakaishi nao kidogo, halafu wakapigana, na Wamaseko wakafukuzwa kuvuka Ruvuma. Zikabaki himaya mbili: Mshope upande wa kaskazini chini ya ukoo wa Tawete, na Njelu upande wa kusini chini ya ukoo wa Gama. Sisi Maposeni tulikuwa Njelu.

Ila nchi ile haikuwa tupu. Kulikuwa na Wandendeule, Wamatengo na wengine wengi. Vikosi vya Wangoni vilikwenda kuteka, mateka wakaletwa, wakaingizwa ukooni na jeshini. Hao ndio walioitwa sutu. Mateka hakukaa chini milele: kijana wa sutu aliyekuwa hodari vitani aliweza kupanda, mpaka na yeye akawa na mateka wake. Idadi ya waliotoka kusini hasa ilikuwa ndogo, jeshi kubwa lilikuwa la sutu.

Bibi alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Sisi, mume wangu, ni watu wa huko kwenye kutekwa. Mama yake bibi alikuwa Mndendeule, aliletwa." Alisema vile mtu anavyosema kwamba leo mvua haijanyesha. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

"Umelipa?"

Mwaka 1897 Wajerumani wakafika kuweka boma. Luteni Engelhardt aliwaita wakubwa wa Kingoni kwenye mkutano, walipofika akawaweka chini ya ulinzi mpaka wakubali utawala wake. Boma lilijengwa karibu na alipokuwa akikaa Nduna Songea Mbano, na jina la mji likatoka kwake. Mwaka uliofuata, 1898, yakaja mambo mawili kwa pamoja: Wabenediktini wakafungua misheni Peramiho, na serikali ikaweka kodi ya nyumba, rupia 3.

Hapa bibi aliniambia kitu ambacho sijakikuta kwenye vitabu vyetu vya sekondari. Anasema Wajerumani walipokataza watu kwenda kuteka, wapo waliofurahi. Mtu ambaye mama yake aliletwa na kamba hawezi kulilia kazi ya kuteka. Lakini furaha haikukaa, kwa sababu na hao wapya walitaka watu: wa kubeba mizigo, wa kulima barabara, wa kujenga. Ukikosa rupia unalipa kwa mgongo.

Halafu yakaja mambo ya dini. Mmishonari mmoja alichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa Gama, mkuu wa Njelu. Mahoka ni wahenga wetu, na kwenye nyumba ile ndiko nkosi alikoongea nao. Kwa hiyo mwaka 1905 maji yalipofika Ungoni kupitia kwa Chabruma wa Mshope, chuki ilishakuwa imeiva. Misheni ya Peramiho ikachomwa Septemba ile. Tarehe 21 Oktoba Wajerumani wakawashtukiza wapiganaji wa Kingoni kambini mwao, na baada ya hapo vita vya kukusanyana vikaisha, kukabaki kujificha na kukimbia. Chabruma alivuka kwenda Msumbiji na huko akauawa. Tarehe 27 Februari 1906, Mputa na wenzake walinyongwa Songea. Ndiyo siku tunayoiadhimisha kila mwaka kule Makumbusho ya Maji Maji, na hesabu inayotajwa ni mashujaa 67 pamoja na Nduna Songea, ambaye kaburi lake lipo peke yake.

Mwenzangu wa kundi angefunga daftari hapo. Bibi hakufunga.

Anasema kunyongwa aliambiwa tu, ila kitu ambacho bibi yake alikuwa akikisimulia huku analia ni njaa. Askari walichoma maghala na mashamba makusudi, kwa sababu wakubwa wao walishaamua kwamba watu wa porini hawaishi kwa risasi, wataisha kwa njaa. Watu walikula mizizi na majani. Mbegu hazikuwepo, na hata aliyekuwa nazo alilima wapi wakati anawindwa? Wanahistoria wamekadiria kwamba vita nzima, nchi nzima, iliua watu kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao ni wa njaa na maradhi. Mmoja wao alikuwa mdogo wake na bibi yake bibi. Mtoto wa kike. Alifia njiani wakati wanahama, na hawakukaa kumlilia. Miaka mingi baadaye, bibi yangu alipozaliwa, akapewa jina la yule mtoto.

Nilikaa kimya, wapendwa. Jina ambalo nimelisikia maisha yangu yote likiitwa uani, "njoo, chukua, umekula?", kumbe ni la mtoto wa njaa ya 1906.

Nikamuuliza sasa, je, yule mtoto alikuwa Mngoni au sutu? Akanijibu, "Njaa haikuuliza hilo swali. Ilipoisha tulikuwa wachache, tukaoana. Ungemkataa nani?"

Kwenye maandishi ya wasomi nimekuta jambo hilo hilo kwa maneno marefu: kwamba baada ya Maji Maji mpaka kati ya Wangoni wa asili na sutu ulianza kufutika. Walioshindwa pamoja na kushinda njaa pamoja ndio wakawa Wangoni tunaowajua leo. Mtani wangu nilimjibu siku hiyo hiyo: ni kweli nimeokotwa, na kwetu karibu wote tumeokotwa. Akakosa la kuongeza, na kwa Mhehe hiyo ni habari ya kutangazwa redioni.

"Jina lako la ubatizo?"

Swali hili lilianza pale pale kwenye kitanzi. Kabla ya kunyongwa, padri alikwenda kuongea na waliohukumiwa, na wengi wao walibatizwa. Baada ya vita misheni ikajengwa upya, na watoto waliobaki na njaa wakakuta chakula, dawa na shule viko upande ule ule. Peramiho ikakua ikawa abasia mwaka 1931, yenye hospitali ambayo mpaka leo watu wa mbali wanaifuata. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Peramiho, siwezi kuibeza. Bibi anasali rozari kila jioni, na bado kabla ya kupanda mahindi utamsikia akinong'ona majina ya wazee. Mahoka hawakuungua wote.

"Sultani wako ni nani?"

Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuta watu hawajapona. Waingereza waliingia Songea mwaka 1916, na mwaka 1918 von Lettow-Vorbeck na jeshi lake, wakirudi kutoka Msumbiji, wakakatiza tena Ungoni. Ukimwambia bibi habari za vita hiyo anasema neno moja tu: mizigo.

Mwaka 1926 Waingereza wakaleta sheria ya kutawala kupitia wakuu wa wenyeji. Njelu na Mshope zikapata masultani wanaotambuliwa na serikali, wenye baraza na makarani. Kwa hiyo watu ambao Mjerumani aliwanyonga wakubwa wao, sasa waliambiwa na Mwingereza, haya, rudini kwa wakubwa wenu, na kodi mtampa mkubwa wenu atuletee. Bibi akicheka, "Punda yule yule, wamebadilisha tandiko."

Hela ya kodi ilitoka wapi? Kwa wanaume wengi ilitoka Tanga. Songea iligeuzwa ghala la vibarua wa mkonge. Baba yake bibi alikwenda manamba, sehemu kubwa kwa miguu, akakaa misimu miwili, akarudi na blanketi na kikohozi. Wengine waliokolewa na tumbaku, iliyoanza kulimwa kama zao la biashara katika miaka hiyo, na mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT. Bibi anasema tumbaku ndiyo iliyofanya kaka zake wabaki nyumbani. Swali la ushirika lilikuwa "una kilo ngapi?", na katika maswali yote anasema hilo ndilo lililokuwa na heshima kidogo.

"Una kadi?" na "Kwa nini unakaa huko peke yako?"

Uhuru ulikuja Desemba 1961. Bibi alikuwa msichana, na anakumbuka ngoma ya lizombe mpaka asubuhi. Mwaka 1963 sheria ya uchifu ikafutwa, na aliyekuwa na sauti kijijini akawa mwenyekiti wa TANU.

Hapo Songea ikafanya kitu ambacho wengi wetu hatufundishwi. Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha kulima pamoja huko Litowa tangu mwaka 1960, kabla hata ya Azimio la Arusha. Vijiji vingine vikaungana nacho, kikaundwa Chama cha Maendeleo Ruvuma. Walikuwa wanaamua wenyewe walime nini, wagawane vipi, shule yao ifundishe nini. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho, maana viongozi wengine hawakupenda vijiji vinavyojiamulia. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, kuishi kijijini kukawa amri. Kile ambacho watu wa Songea walikianza kwa hiari kikarudi kwao kwa lori.

Babu alikuwa na nyumba yake mbali kidogo, karibu na mto, na miembe aliyoipanda. Waliambiwa wahame, wakahama. Bibi halalamiki sana: shule ilikuwa karibu, zahanati ilikuwa karibu, na baba yangu alisoma kwa sababu hiyo. Lakini kila mwaka maembe yakiiva anakwenda kule kwenye mahame, anaokota, anarudi. Nilipokuwa mdogo nilidhani anafuata maembe tu.

"Namba yako?"

Hili ndilo la sasa. Kodi ile iliyoanza na rupia 3 ilibadilishwa majina mara nyingi, ikafutwa, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, na ikafutwa tena mwaka 2003. Sasa hivi swali ni namba ya kitambulisho, namba ya simu, na tangu msimu wa 2022/2023 namba ya usajili wa mkulima ili upate mbolea ya ruzuku. Bibi namba yake ameiandika kwa mkaa ukutani jikoni. "Hii ikipotea," anasema, "nimepotea mimi."

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea. Bibi alisikiliza redioni. Nikamuuliza anaonaje. Akasema msamaha ukiombwa unapokelewa, ndivyo alivyofundishwa. Kisha akauliza wale wa njaa nani ana orodha yao. Sikuwa na jibu.

Sasa, wapendwa, kazi yangu imekwama hapo. Walionyongwa wana majina kwenye mnara. Wa njaa hawana, na mateka ndio kabisa, hata kuwataja ni kazi. Kwenye kundi tumebishana wiki nzima. Wenzangu wanasema somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linataka kujenga uzalendo, kwa nini nimwambie mtoto wa kidato cha pili kwamba shujaa wake aliwahi kuteka watu? Hoja yao ina uzito, siidharau. Na bibi mwenyewe alinionya: "Usitaje koo. Hapa watu wanakaa nyumba moja."

Nimeamua hivi. Koo sitazitaja. Darasa la kule kwetu lina wajukuu wa nkosi na wajukuu wa sutu kwenye dawati moja, na mimi sitakwenda kuwatenganisha kwa chaki. Lakini kwamba mateka walikuwepo nitasema, na kwamba wao ndio waliojaza jeshi la 1905 nitasema. Njaa nitaipa dakika nyingi kuliko kitanzi. Mashujaa 67 wanabaki mashujaa, hakuna kinachopungua kwao. Kinachoongezeka ni wale wengine waliozika watoto njiani, wakatafuta mbegu, wakaanza upya, na ndio waliotuzaa.

Na mwisho wa somo nitawapa wanafunzi kazi ya nyumbani: wakamuulize mzee wa kwao kila serikali iliyokuja ilimuuliza nini. Hii si mbinu niliyoibuni mimi. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hiki hiki, kikiwa bado Chuo Kikuu Kishiriki, walirudi makwao kukusanya simulizi za Maji Maji kwa wazee waliokuwa bado hai. Wawili kati yao, Mapunda na Mpangara, kazi yao juu ya Ungoni ikatoka kama kitabu mwaka 1969. Walikuwa vijana kama sisi, na sijui bumu lao lilichelewa kiasi gani. Wazee wale wote wameshaondoka. Wameondoka na watoto wao pia. Tuliobaki nao ni waliosikia kwa waliosikia, na hao nao sasa wanaitwa mmoja mmoja.

Kwa hiyo kabla hujafunga ukurasa huu, kama una bibi au babu, mpigie. Muulize swali moja tu, umrekodi. Hela ya sukari usisahau.

Naomba kuwasilisha.